Sauti 8 tu

Bandugu, mdogo wangu aliniuliza: muziki ya mchezo moja wa video, albamu mbili za nini? Nikamueleza.

Final Fantasy IV ilitoka Japani mwaka 1991. Nobuo Uematsu, aliyejifundisha piano mwenyewe, alitunga kwa mashine ya kutoa sauti 8 tu kwa mara moja. Kidogo kabisa! Kwa hiyo melodia ndiyo ilibeba kazi yote. Albamu ya kwanza inatunza sauti za mashine vile vile.

Ya pili, Celtic Moon, ni ya mwaka ule ule: Máire Breatnach alizipanga upya nyimbo zile, zikapigwa kwa ala za kienyeji za Ayalandi. Ala zimebadilika, melodia imesimama.

Sisi wenye kulia kila siku “vyombo hakuna”, tuanze na sauti zetu 8.