Mzabibu wenye uliitwa jina la mwingine: divai nyekundu ya Chile na chakula chake

Ukikuta chupa ya divai nyekundu ya Chile yenye wameandika Cabernet Sauvignon na Carménère pamoja, usifikiri walichanganya ili kuficha ubaya. Ni kazi ya agronomi, na nyuma yake kuna jambo lenye kila mtu wa shamba angefaa kujua.

Carménère ni mzabibu wa Bordeaux, Ufaransa. Katikati ya karne ya 19, watu wa Chile walileta vijiti vya mizabibu kutoka kule, wakavipanda mu mabonde yao. Kisha, mu miaka ya 1860, filoksera ikaingia Ufaransa: mdudu mdogo wa Amerika ya Kaskazini mwenye kushambulia mizizi. Mashamba mengi yakakufa. Wafaransa walipopanda upya, Carménère waliiacha, juu maua yake yanadondoka kirahisi na mavuno yanakuwa kidogo. Watu wakaamini kama imekwisha. Kumbe ilikuwa Chile, kwenye filoksera haikuharibu mizabibu, lakini wakulima walikuwa wanaiita Merlot.

Hapo njo shida ilianzia. Carménère inaiva majuma matatu ao zaidi nyuma ya Merlot. Mwenye kuvuna yote siku moja alikuwa anachanganya zabibu zenye zimeiva na zenye zingali mbichi. Na Carménère mbichi iko na pirazini mingi, ile kitu yenye kuleta harufu ya pilipili hoho ya kijani.

Mu mwezi wa Novemba 1994, Jean-Michel Boursiquot, mtaalamu wa mizabibu wa Montpellier, alitembelea shamba la Viña Carmen mu bonde la Maipo. Aliangalia maua, akaona sehemu zake za kiume zimepinda; kwa Merlot haiko vile. Baadaye vipimo vya ADN vikathibitisha. Toka hapo, kila mzabibu ukaanza kuvunwa kwa wakati wake. Kujua jina la kweli la mmea kulibadilisha divai yenyewe.

Sasa kwa nini kuichanganya na Cabernet? Cabernet iko na tanini yenye nguvu na uchachu wa kutosha. Carménère iko laini, uchachu wake ni kidogo, na inaleta harufu ya viungo. Moja inatoa mifupa, ingine inatoa nyama. Tena ujue: kwa sheria ya Chile, chupa inaweza kubeba jina moja tu kama zabibu ile inafika 75 kwa mia. Zenye zinabaki zinaweza kuwa za aina ingine.

Tuje ku sahani. Tanini inashikana na protini za mate, njo maana kinywa kinakauka. Ukikula nyama yenye mafuta, zile protini na mafuta zinapunguza ukali ule. Kwa hiyo divai hii inapatana na nyama ya ngombe ao ya kondoo yenye kuchomwa ku makala. Wachile wenyewe wanapenda pastel de choclo, chakula cha mahindi ya kusaga juu ya nyama, kuku, yai na zeituni. Utamu wa mahindi unakutana vizuri na ulaini wa Carménère.

Mambo mawili ya kuepuka. Samaki yenye mafuta mingi: na divai nyekundu inaweza kuacha ladha kama ya chuma mu kinywa. Na pilipili kali: pombe inaongeza moto wake. Kama nyama yako ya mbuzi iko na pilipili, weka ile pilipili pembeni ya sahani.

Mwisho, joto. Divai hii inapendeza kwa digri 16 mpaka 18. Mu nyumba zetu zenye joto, iweke mu frigo nusu saa mbele ya kufungua. Ikiwa moto sana, utasikia pombe tu, na kazi yote ya mkulima itapotea.