Kasi au Wingi? Istilahi za Mitandao ya Kompyuta ya Nyaya

Miongoni mwa kazi za Baraza ni kujibu maswali ya istilahi yaletwayo na ofisi, shule na watu binafsi. Swali moja tulilolipokea lilitoka katika ofisi ambayo hatuna haja ya kuitaja. Ofisi hiyo ilinunua mitambo mipya ya kuunganishia kompyuta zake, na mwongozo wa mitambo hiyo ulikuwa umefasiriwa kwa Kiswahili. Kila palipohitajika kueleza uwezo wa mtandao, mfasiri aliandika "kasi". Fundi akasoma kwamba mitambo ina kasi mara kumi kuliko ile ya zamani, naye akaelewa kwamba kasi imo ndani ya mitambo, kama ya gari ilivyo katika injini. Basi kebo alizozikuta ukutani, ambazo jozi mbili tu za nyaya zake zilikuwa zimeunganishwa, akaziacha kama zilivyo. Fedha zilitumika na mtandao haukuendelea hata hatua moja. Tukaulizwa: je, neno "kasi" ni sahihi?

Mtandao unaohusika hapa ni ule uitwao Ethaneti. Ulibuniwa mwaka 1973 na Robert Metcalfe katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox huko Palo Alto, Marekani, akishirikiana na David Boggs katika kuuunda. Jina lake latokana na "etha", kitu ambacho wanafizikia wa karne ya 19 walidhani kimejaa kila mahali na ndicho kinachobeba mwanga. Jaribio la Michelson na Morley la mwaka 1887 lilikitafuta kitu hicho lisikione. Jina la mtandao, basi, ni la kitu kisichokuwapo. Wanaodhani kwamba istilahi za Kiingereza hutungwa kwa uangalifu kuliko zetu wasisahau jambo hilo.

Hapo mwanzo kompyuta zote zilishiriki kebo moja, mfano wa watu waliokaa barazani. Anayetaka kusema husikiliza kwanza kama pana kimya. Wawili wakianza kwa pamoja hunyamaza wote, kisha kila mmoja hungoja kitambo cha kubahatisha kabla ya kujaribu tena. Watu wakizidi barazani, muda mwingi hupotea katika kugongana na kungojana. Baadaye uliletwa mtambo uitwao swichi, ambao huipa kila kompyuta njia yake peke yake. Msomaji wa Dar es Salaam anao mfano karibu naye: mabasi yaliyoanza kazi mwaka 2016, ambayo watu wameyapa jina la "mwendokasi". Hayo nayo huwahi kufika hasa kwa kuwa yametengewa njia, wala si kwa nguvu ya injini.

Sasa tuingie ndani ya kebo yenyewe. Kebo ya kawaida ya shaba ina nyaya nane zilizosokotwa mbili mbili, yaani jozi nne, na urefu wake kati ya swichi na kompyuta haupaswi kuzidi meta 100. Pigo la umeme hupita humo kwa takriban theluthi mbili za mwendo wa mwanga, hivyo meta 100 humalizika katika muda unaokaribia nusu ya sehemu moja ya milioni ya sekunde. Mwendo huo ni ule ule, mtandao uwe wa zamani au mpya.

Kanuni zilizotolewa mwaka 1995 ziliwezesha kupitisha biti milioni 100 kwa sekunde. Katika utaratibu uliotumika zaidi, jozi moja ilipeleka na nyingine ikapokea, na jozi mbili zilizobaki hazikuwa na kazi. Mafundi wengi wakazoea kutoziunganisha. Mwaka 1999 zikaja kanuni za biti bilioni moja kwa sekunde katika shaba. Mtu angetarajia mapigo ya umeme yaongezeke mara kumi. La hasha! Katika kila jozi mapigo ni milioni 125 kwa sekunde, sawasawa na yale ya 1995. Kilichobadilika ni kwamba jozi zote nne hutumika, kila moja ikipeleka na kupokea wakati ule ule, na kila upande huondoa mwangwi wa sauti yake ili uisikie ya mwenzake. Tena umeme hupangwa katika ngazi tano badala ya tatu, na kila pigo hubeba biti mbili za habari. Zidisha milioni 125 kwa mbili, kisha kwa nne: ndiyo bilioni moja.

Ni dhahiri basi kwamba kilichoongezeka ni wingi wa habari zinazopita katika muda fulani. Hatuoni ubaya mtu kusema "mtandao wa kasi" katika mazungumzo, maana faili lake humfikia upesi. Lakini katika mwongozo wa fundi neno hilo lapoteza. Wako wanaotumia "kipimo data". Sisi twaliona lina kasoro, kwani kipimo ni chombo au namna ya kupimia, si kile kinachopimwa, tena maneno yake mawili yamekaa bila kiunganishi. Twapendekeza "kiwango cha upitishaji", na muda ambao pigo hutumia njiani uitwe "ucheleweshaji", ili mambo haya mawili yasichanganywe.

Hata katika nyuzi za kioo, ambazo Watanzania wanazijua kwa jina la mkongo (wengine huandika mkonga, kama wa tembo), mwanga husafiri kwa takriban theluthi mbili zile zile. Kanuni za mwaka 2010 zilifikisha biti bilioni 100 kwa sekunde bila kuuharakisha mwanga hata kidogo.

Ofisi ile tuliishauri irekebishe sentensi moja ya mwongozo isomeke hivi: "Kiwango cha upitishaji ni biti bilioni moja kwa sekunde, iwapo jozi zote nne za nyaya zimeunganishwa."