Sindano ya kuleta joto: uliza kwanza kama ng'ombe ana mimba

Mutanga Nord, Bujumbura

Wengi wetu tumezaliwa penye ng'ombe. Huko nyumbani dume alitembea na majike mchana na usiku, na siku ya kila mmoja aliijua yeye. Hapa Burundi mambo ni mengine. Sheria ya mwaka 2018 ilikataza mifugo kuzurura, ikawapa watu miaka 3 ya kujiandaa, na muda huo uliisha Oktoba 2021. Ng'ombe anakaa zizini, analetewa majani. Mwenye jike mmoja nyuma ya nyumba hana dume. Anategemea uhimilishaji, yaani mbegu anayoileta mtaalamu.

Shida ni kuijua siku. Jike hurudi kwenye joto kila baada ya siku 21 hivi, na joto lenyewe ni masaa 12 mpaka 18 tu, mara nyingi usiku. Akiwa peke yake hana mwenzie wa kumpanda. Utaona analialia, hatulii, na ute unaong'aa unaning'inia nyuma. Ukipitwa, umepoteza wiki tatu za kumlisha bure. Na ng'ombe asiyezaa hakamuliwi.

Sindano inafanya nini?

Yai likishatoka, kwenye ovari hubaki kivimbe kidogo kinachotoa homoni ya projesteroni. Hiyo ndiyo inayozuia joto jipya. Sindano ya prostaglandini hukivunja kivimbe, na jike huingia joto baada ya siku 2 mpaka 5. Lakini siku 5 za kwanza baada ya joto haifanyi kazi, kivimbe bado kichanga. Ndiyo maana wengine hurudia sindano baada ya siku 11 mpaka 14.

Mwaka 1995 watafiti wa Wisconsin, Marekani, walitangaza njia ya sindano 3 ndani ya siku 9, ambapo ng'ombe hupandishwa kwa saa iliyopangwa bila kungoja dalili. Ethiopia nao, kuanzia mwaka 2011, walikusanya ng'ombe wa wafugaji wadogo maeneo ya Hawassa na Mekelle. Waliofaa walichomwa prostaglandini pamoja, mtaalamu akawapandisha wengi kwa siku chache.

Hatari iko wapi?

Kivimbe hicho hicho ndicho kinachoshikilia mimba. Ukimchoma ng'ombe mwenye mimba, anaweza kuitoa. Umelipa pesa ili upoteze ndama wako mwenyewe!

Tena dawa hii hupenya ngozi ya mtu. Mama mwenye mimba asiishike kabisa, wala mwenye pumu. Ikimwagikia mkono, osha mara moja kwa maji na sabuni. Chupa tupu wasipewe watoto kuchezea.

Kabla hujalipa

1. Daktari wa mifugo apime mimba. Mimba changa sana mkono hauioni, kwa hiyo mwambie ukweli kama alipandishwa karibuni, hata kama ni dume la jirani lililopita.
2. Ziwe zimepita siku 60 hivi tangu azae, na awe na mwili. Mbavu zikihesabika, mara nyingi ovari imelala na sindano hii haitaiamsha. Chakula kwanza.
3. Hakikisha mbegu na mtaalamu vipo kabla ya kuchoma. Joto halingoji mtu.
4. Andika tarehe. Kati ya siku ya 18 na ya 24 baada ya kupandishwa, angalia kama joto limerudi. Likirudi, hakushika.

Na si kila nyumba inahitaji sindano. Watoto wakipewa kazi ya kumwangalia ng'ombe alfajiri, jioni na kabla ya kulala, joto litaonekana bila kutoa hata faranga moja. Ukiliona asubuhi, apandishwe jioni. Ukiliona jioni, apandishwe kesho asubuhi.