Kwa nini mwalimu wa sayansi naye huketi kwenye dawati: warsha za vitendo na faida yake kwa mtoto

Wakati wa likizo, baadhi ya walimu wa Sayansi na Hisabati hukusanyika katika shule moja kwa mafunzo ya siku chache. Mzazi akisikia hivyo huuliza: mwalimu aliyehitimu chuoni anafundishwa nini tena? Makala haya yanaeleza kinachofanyika katika warsha hizo, kwa nini zinahitajika zaidi sasa, na wajibu wa kila mmoja wetu hapa Kilifi.

Kwa nini sasa?

Gredi ya 7 ilipoanza mwaka wa 2023, madarasa ya sekondari msingi yaliwekwa ndani ya shule za msingi. Nyingi ya shule hizo zilijengwa bila maabara. Wakati huo huo, somo la Sayansi Jumuishi linaunganisha Fizikia, Kemia na Biolojia, ilhali mwalimu wa sekondari kwa kawaida husomea chuoni masomo mawili ya kufundisha. Aliyesomea Kemia na Biolojia sasa anatakiwa kufundisha umeme. Aliyesomea Fizikia na Hisabati anatakiwa kueleza uzazi wa mimea.

Mwalimu asiyejiamini katika jaribio hufanya jambo moja: huliandika ubaoni. Wanafunzi hunakili hatua, matokeo na hitimisho bila kuona chochote kikibadilika. Mtoto huyo akifika mwisho wa Gredi ya 9 ataelekezwa katika moja ya mikondo mitatu ya sekondari pevu: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Si haki aikatae sayansi, au sayansi imkatae yeye, kabla hajawahi kuigusa.

Ndani ya warsha

Katika warsha ya vitendo, mwalimu anakaa mahali pa mwanafunzi. Mwezeshaji hatoi hotuba ya saa tatu. Huweka vifaa mezani, huuliza swali, kisha kila kundi huandika utabiri wake kabla ya kugusa kitu.

Chukua mfano wa kamba na jiwe. Funga jiwe kwenye kamba ya mita 1, uliachilie libembee, kisha upime kwa saa ya simu muda wa kwenda na kurudi mara 10. Gawanya kwa 10: utapata takriban sekunde 2. Swali ni hili: ukiweka jiwe zito zaidi, litakwenda haraka zaidi? Wengi hutabiri ndiyo. Wakipima, muda ni ule ule. Wakifupisha kamba hadi sentimita 25, muda hupungua hadi takriban sekunde 1. Mwalimu aliyekosea utabiri wake mwenyewe huelewa vyema kwa nini mwanafunzi hukosea, na hataharakisha kumpa jibu.

Mfano wa pili upo jikoni. Mama yeyote wa Pwani anajua kuwa doa la bizari kwenye kanzu huwa jekundu likipakwa sabuni ya kufulia. Hiyo ni kemia. Bizari ni kiashiria: hubaki manjano kwenye asidi na hugeuka nyekundu ya kahawia kwenye alkali. Walimu huloweka bizari, hupaka rangi hiyo kwenye karatasi nyeupe na kuikausha, kisha hujaribu maji ya ndimu, ukwaju, sabuni na magadi. Karatasi iliyogeuka nyekundu kwa magadi hurudi manjano ikidondoshewa ndimu. Hapo mwalimu ana somo zima la asidi na alkali bila kusubiri chupa kutoka Nairobi.

Somo la kutenganisha michanganyiko nalo lina mfano wake hapa kwetu. Chumvi iliyochanganyika na mchanga huyeyushwa kwa maji, huchujwa kwa kitambaa, kisha maji huchemshwa hadi chumvi ibaki. Mwanafunzi wa Magarini ameona kazi hiyo ikifanywa na jua katika mabwawa ya chumvi ya Gongoni na Marereni. Kazi ya mwalimu ni kumwonyesha kuwa alichokiona ndicho kilichomo kitabuni.

Majaribio mengine hushindikana. Magadi yakiwa machache mno, bizari haibadiliki vizuri. Afadhali hilo ligunduliwe kwenye warsha, mbele ya wenzake wanaoweza kutafuta sababu pamoja naye, kuliko mbele ya darasa lililojaa watoto katika kipindi cha dakika 40.

Mbinu hii si ngeni

Mwaka wa 1998, serikali ya Kenya kwa ushirikiano na shirika la Japani la JICA ilianzisha mradi wa SMASSE wa kuimarisha ufundishaji wa Hisabati na Sayansi. Ulianza katika wilaya 9 za majaribio, na kuanzia mwaka wa 2003 ukaenezwa nchini kote. Wakufunzi wa kitaifa waliwafundisha wakufunzi wa wilaya, nao wakawafundisha walimu wenzao. Kituo cha CEMASTEA kilichoko Karen, Nairobi, kinaendeleza kazi hiyo. Msingi wake una nguzo nne: shughuli, mwanafunzi, jaribio na ubunifu wa vifaa. Maandalizi ya somo nayo hufuata hatua nne: panga, fanya, tazama, boresha.

Hatua ya mwisho ndiyo husahaulika. Warsha isiyofuatwa na somo darasani, mwenzake akitazama na kumpa maoni, huishia kwenye cheti.

Ubunifu una mipaka

Vifaa vya nyumbani havichukui nafasi ya maabara. Hakuna chupa ya plastiki itakayofanya kazi yote ya hadubini. Katika KCSE, karatasi ya tatu ya Fizikia, Kemia na Biolojia ni ya vitendo na ina alama 40. Mtahiniwa anahitaji kuwa amezoea vifaa halisi. Usalama pia haubuniwi. Asidi ya betri ya gari haifai kuchezewa darasani. Asidi kali huongezwa polepole kwenye maji. Maji hayamiminwi kwenye asidi. Kanuni hizi nazo hufanyiwa mazoezi kwenye warsha.

Nani anahusika?

Wananchi wengi huleta swali la walimu wa sayansi katika ofisi za kaunti. Kwa mujibu wa Mpangilio wa Nne wa Katiba, serikali ya kaunti inasimamia elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijiji na vituo vya kulelea watoto. Walimu wa msingi na sekondari huajiriwa na Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, na mtaala hutayarishwa na taasisi ya KICD. Swali kuhusu ratiba ya mafunzo lipelekwe kwanza kwa mwalimu mkuu au ofisi ya TSC ya kaunti ndogo yako.

Unachoweza kufanya

Mwalimu mkuu: mruhusu mwalimu ahudhurie, na akirudi mpe nafasi ya kuwaonyesha wenzake alichojifunza. Vifaa vilivyofungiwa stoo vitolewe vitumike.

Bodi ya shule: tengeni fedha kidogo kila muhula kwa mahitaji madogo kama betri, balbu, nyaya, ndimu na magadi.

Mzazi: mtoto akiomba kijiko cha bizari apeleke shuleni, usidhani ni mchezo. Na jioni, badala ya kumuuliza wamesoma nini, muulize wamefanya nini na wameona nini. Akikosa jibu wiki baada ya wiki, hilo ni jambo la kuuliza katika mkutano wa wazazi.