Unaponunua Jiko la Kuota Moto, Uliza Hewa Itapita Wapi

Baadhi ya watu wa mikoa ya baridi hununua majiko yao Dar es Salaam. Wengine huja wenyewe kwa shughuli zao. Wengine huagiza kwa ndugu waliohamia mjini. Ukizunguka mitaa ya Kariakoo na Gerezani utaona majiko ya kila namna. Yako ya mkaa, ambayo mafundi huyagonga kwa bati. Yako ya mafuta ya taa yenye tambi. Yako ya gesi, makubwa na madogo.

Mnunuzi huuliza bei. Huuliza kama jiko ni imara, na kama linakula mkaa mwingi. Hayo ni maswali mazuri. Lakini liko swali moja linalopita yote, na wachache ndio wanaoliuliza: Nikiliwasha jiko hili nyumbani kwangu, hewa itapita wapi?

Dar es Salaam ni mji wa joto. Watu hupikia uani au barazani, na madirisha huwa wazi. Muuzaji halali na jiko lake chumbani. Wewe utalipeleka Njombe, Makete, Lushoto au Mbulu. Huko, kuanzia mwezi wa 6 hadi wa 8, baridi ni kali. Mtu hufunga mlango, huziba dirisha kwa gunia, huweka jiko karibu na kitanda, halafu hulala. Wako ambao hawakuamka.

MOTO NAO HUPUMUA

Moto unahitaji hewa kama wewe unavyoihitaji. Katika hewa, kitu unachokitaka ni oksijeni. Moto ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa, oksijeni hupungua. Hapo moto huanza kutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi.

Sumu hii haina rangi. Haina harufu. Haiwashi macho wala haileti kikohozi. Kwa hiyo huwezi kuitambua kwa kuiona wala kwa kuinusa.

Mkaa ndio unaotoa sumu hii kwa wingi. Watu husema, "Mkaa umeshika vizuri, ni mwekundu na hauna moshi, sasa tuuingize ndani." Hilo ni kosa kubwa. Mkaa mwekundu usio na moshi bado unatoa sumu. Moshi umekwisha, sumu haijaisha.

SUMU HII HUUAJE?

Jina la Kariakoo linatokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Basi na damu yako ina wapagazi wake. Ni chembe nyekundu. Kazi yao ni kubeba oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka kwenye ubongo, moyo na mwili mzima.

Kaboni monoksaidi huzishika chembe hizo kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Wapagazi wote wanakuwa wamebeba mzigo mbovu. Mzigo mzuri hauna wa kuubeba. Mtu anaendelea kuvuta pumzi, lakini ubongo na moyo havipati oksijeni. Kama amelala, usingizi wake huwa mzito zaidi, kisha hufa.

Mama mjamzito, mtoto aliye tumboni, watoto wadogo, wazee na wenye ugonjwa wa moyo huumia upesi zaidi.

KUCHAGUA JIKO

Jiko la mkaa la bati. Bei yake ni nafuu. Linafaa kupikia nje au katika jiko lenye madirisha makubwa. Halifai kuwekwa chumba cha kulala.

Jiko lenye udongo wa kuchomwa ndani yake. Hili hutunza joto na kupunguza matumizi ya mkaa. Ni jiko zuri kwa mapishi. Lakini usidanganywe na jina "jiko bora". Mkaa ni ule ule, na sumu ni ile ile. Nalo halifai chumba kilichofungwa.

Jiko la mafuta ya taa. Likiwaka kwa moto wa njano na kutoa masizi, haliungui vizuri. Safisha tambi au zikate zilingane. Nalo pia linahitaji dirisha wazi.

Jiko la gesi. Gesi hii huletwa nchini kwa meli, na hushushwa katika bandari za Dar es Salaam na Tanga. Serikali ilitangaza mkakati wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024. Lengo ni kwamba ifikapo mwaka 2034, watu 80 katika kila 100 wawe wanatumia nishati safi. Kwa kupikia, gesi ni nzuri kuliko mkaa, kwa sababu moshi wake ni mdogo sana. Lakini nayo ni moto. Katika chumba kilichofungwa hula hewa na kutoa sumu vile vile.

Ukinunua jiko la gesi, fanya mambo haya:

1. Mwambie muuzaji aliwashe mbele yako. Moto mzuri ni wa buluu. Moto wa njano ni dalili kwamba haupati hewa ya kutosha.

2. Tazama mpira wa gesi. Usiwe na nyufa wala viraka.

3. Pima kama gesi inavuja kwa kupaka povu la sabuni kwenye maungio. Povu likitoa mapovu mapya, gesi inavuja. Usipime kwa kiberiti hata siku moja.

4. Mtungi usimame wima, usilazwe. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka na kukaa chini sakafuni. Ukisikia harufu yake usiwashe kitu, usiguse swichi ya taa. Fungua mlango, funga mtungi, toka nje.

5. Wakati wa baridi kali gesi huweza kutoka kidogo kidogo. Usiupashe mtungi kwa moto ili gesi itoke. Mtungi unaweza kupasuka.

BARIDI YA MILIMANI

Mtu wa milimani ana sababu nyingine ya kujihadhari. Kadiri unavyopanda juu, hewa huwa nyepesi. Mahali penye mita 2,000 juu ya bahari, kama sehemu nyingi za Njombe, oksijeni unayoipata katika pumzi moja ni kama sehemu 8 tu kati ya 10 unazozipata Dar es Salaam. Jiko lililowaka vizuri Kariakoo linaweza kuwaka vibaya kwako. Hivyo lijaribu tena ukifika, na ulijaribie nje.

Jambo hili limewapata hata watu wa nchi zenye vyombo vya kisasa. Katika nchi za baridi kali kama Kanada na Ufini, maziwa huganda yakawa magumu kama jiwe. Wavuvi hutoboa tundu kwenye barafu, hukaa ndani ya hema au kibanda, na huvua samaki. Humo huwasha jiko dogo la gesi. Yako majiko yaliyowekewa kifaa cha kuzima moto oksijeni inapopungua. Hata hivyo watengenezaji wake huwaambia watu waache upenyo wa hewa, na wasilale jiko likiwaka. Wako wavuvi waliopuuza, wakafa ndani ya mahema yao. Ikiwa mwenye jiko la namna hiyo anaonywa, je, wewe mwenye jiko la mkaa?

SASA TUOTE MOTO NAMNA GANI?

Ota moto jioni, nje au katika jiko lenye hewa. Wakati wa kulala ukifika, jiko libaki nje. Usiliache mlangoni wala chini ya dirisha. Chumbani ingia na blanketi, soksi na kofia. Jaza maji ya moto katika chupa imara, ifunge vizuri, izungushie kitambaa, uiweke miguuni. Ziba nyufa za ukuta kwa udongo, lakini acha tundu la hewa juu ya ukuta. Baridi kidogo haiui kama sumu.

MTU AKIPATWA

Dalili za kwanza ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea. Wengi hudhani ni malaria. Jiulize: Je, hana homa? Je, watu wawili au watatu wa nyumba moja wameumwa kwa pamoja? Je, wakitoka nje wanapata nafuu? Kama ndiyo, na jiko lilikuwa ndani, fikiria sumu hii.

Fungua milango na madirisha. Mtoe mgonjwa nje upesi, na wewe usikae ndani. Kama hana fahamu lakini anapumua, mlaze ubavu. Usimpe maziwa wala maji akiwa hana fahamu. Maziwa hayaondoi sumu iliyoingia kwa pumzi. Mpeleke zahanati au hospitali mara moja, na umwambie mganga kwamba jiko lilikuwa linawaka chumbani.

Mpeleke hata kama amezinduka. Kwa hewa ya kawaida, nusu ya sumu hutoka katika damu baada ya saa 4 au 5. Oksijeni ya hospitali huiondoa upesi zaidi. Tena ubongo unaweza kuonyesha madhara siku nyingi baadaye.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini mkaa usio na moshi bado ni hatari?
2. Jiko lenu hulala wapi usiku?
3. Chumba wanacholala watoto kina tundu la hewa?

Ndugu msomaji, wasomee makala hii wale wa nyumbani wasiojua kusoma. Kisha leo jioni, kabla ya kulala, hakikisheni jiko liko nje.