KAMBI YA KIPUSHI: BABA ALINYAMAZA, MAJIRANI WALIBAKI



Ukitoka Lubumbashi na kuelekea kusini-magharibi, nyuma ya kilometri karibu 30 utafika Kipushi, muji mudogo ulio karibu kabisa na mpaka wa Zambia. Toka mbali utaona kwanza ule munara wa mugodi, wenye kushusha watu na kupandisha mawe. Kisha utaingia katika njia zilizonyooka sawa kamba, na nyumba zinazofanana upande huu na upande ule. Ni kambi ya kazi. Weye wa Kolwezi, weye wa Likasi, weye wa Kambove, utasema: «Hata kwetu iko vile.» Ni kweli. Njo maana tunataka kukuelezea habari ya kambi hii, kwa sababu ni habari yetu sisi wote.

Kambi ilizaliwa namna gani?

Kipushi ni inchi ya Balamba. Lakini kambi haikujengwa nao. Ilijengwa na Union Minière du Haut-Katanga, kampani iliyoanzishwa mwaka 1906. Mwaka 1924 kampani ile ilianza kutoa mawe ya Kipushi, yenye shaba na zinki, na mugodi ukaitwa Prince Léopold.

Siku zile za kwanza mufanyakazi alikuwa mugeni tu. Aliandikwa mbali: Luapula, Kasai, Rodezia ya Kaskazini (njo Zambia ya leo), hata Ruanda-Urundi. Alikuja peke yake, bila bibi, kwa miezi michache. Kisha alirudi kwao, ao alikufa kwa magonjwa ya kambi.

Karibu na mwaka 1928 kampani iligeuza mashauri. Ilianza kuandika watu kwa miaka 3, na kuwaambia: Kujeni na wabibi wenu. Juu ya nini? Si juu ya mapendo tu. Kutafuta watu wapya kila mara kulikula feza nyingi. Tena mutu mwenye jamaa hatoroki upesi, na mutoto anayezaliwa kambini atakuwa mufanyakazi wa kesho. Njo vile zilikuja nyumba za matofali, poso ya kila juma, dispanseri ya kupimia watoto, masomo ya wamisionari, na fuaye ambamo wamama walifundishwa kushona. Mwaka 1957 kampani ilianza hata kuchapa gazeti la wafanyakazi, jina lake «Mwana Shaba». Angalia jina lile vizuri: mwana, ni kusema mutoto.

Wazee wetu walikuwa na neno lao: «Kazi njo baba, kazi njo mama.» Neno tamu, lakini uchungu ulikuwa ndani. Baba yule alilisha, tena aliamuru. Mugeni hakulala kambini bila ruhusa ya shefu wa kambi. Mutu akipoteza kazi, alipoteza na nyumba siku zile zile. Na watoto walipodai? Mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi wa Lubumbashi waliomba mushahara uongezwe. Askari waliwapiga risasi, wengi wakafa. Inafaa vijana wajue jambo hili, wasifikiri kwamba zamani kila kitu kilikuwa kizuri.

Njia moja, makabila mengi

Lakini kuna kitu kampani haikukijenga. Ilipanga nyumba tu. Ujirani ulijengwa na watu wenyewe. Kwenye njia moja alikaa Muluba, pembeni yake Mubemba, mbele yao Mulunda na Mulamba. Kila mumoja na desturi yake, lakini watoto walicheza pamoja, na luga yao ikawa Kiswahili. Mama akikosa moto, alimutuma mutoto kuomba kaa la mbabula kwa jirani. Mutoto akikosa adabu njiani, mama yeyote alimurudi, na mama yake muzazi alishukuru. Kulipokuwa kilio, watu hawakuuliza marehemu alikuwa wa kabila gani. Walileta makala, bunga na maji, wakalala inje pamoja na wafiwa.

Baba ananyamaza

Mwaka 1967 serikali ilichukua mali ya Union Minière, na nyuma yake tukapata jina tunalolijua wote: Gécamines. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 450.000 za shaba kila mwaka. Kisha maanguko yalifuatana. Mwezi wa Septemba 1990 mugodi wa Kamoto, kule Kolwezi, ulibomoka. Mwaka 1991 wanajeshi walipora miji. Mwaka 1993 shaba yote haikufika hata tani 50.000. Na mwaka ule ule wa 1993 mugodi wa Kipushi ulifungwa. Tangu 1924 ulikuwa umetoa karibu tani milioni 60 za mawe.

Waza kidogo, musomaji. Baba aliyekupa nyumba, dawa, masomo na mufuko wa bunga, ananyamaza. Mishahara ilichelewa miezi, kisha miaka. Mwaka 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10.000 wa Gécamines, katika Katanga yote, walipewa feza ya kuachia kazi na kwenda. Kwa wengi feza ile iliisha upesi. Mwalimu wa historia wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, aliandika mwaka 2001 kitabu kizima juu ya mateso haya. Jina alilokipa linatosha: watoto wa shaba walioachwa na baba yao.

Katika siku zile zile tuliona tena jambo la haya. Mwaka 1992 na 1993, huko Likasi na Kolwezi, ndugu wa asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba zao kwa maelfu na maelfu. Walilala kwenye gare wakingojea treni, na watoto wengi walikufa. Wengine walifukuzwa na watu waliokula nao bukari kwenye sahani moja. Tunaandika hili kwa uchungu, ili ufahamu: ujirani unajengwa miaka 60, unaweza kubomoka kwa juma moja, wakati njaa na maneno ya wakubwa vinapokutana.

Nani alishika kambi?

Sasa uliza: kama baba alinyamaza, juu ya nini kambi haikufa? Jibu la kwanza ni wamama. Wale waliofundishwa kushona na kungojea mushahara wa bwana, walishika jembe wakalima mashamba ya pembeni ya muji. Waliuza makala, samaki na munkoyo. Walinunua bunga inayovuka mpaka toka Zambia, wakaipima kwa kopo barazani. Walicheza likelemba: kila mwezi kila mumoja anatoa kidogo, na mumoja anabeba yote. Wababa wengi waliona haya mbele ya watoto wao; wenye hekima waliacha haya, wakachukua jembe vilevile.

Jibu la pili ni wazazi pamoja. Serikali iliposhindwa kulipa walimu, wazazi njo walitoa feza ya walimu, na masomo yakabaki wazi. Bomba lilipokauka, watu walichimba kisima, na mwenye kisima alifungulia majirani mulango.

Mugodi umefunguliwa tena

Mwaka 2024 mugodi wa Kipushi ulianza tena kutoa zinki, nyuma ya miaka 31. Gécamines imeungana pale na Ivanhoe Mines, kampani ya Kanada. Ni furaha kwa muji. Lakini weye kijana, sikiliza vizuri. Mugodi wa leo unatumika na mashine nyingi, hauchukui watu wote wa kambi. Hautakuwa baba, wala mama. Ni kazi, na kazi ni kitu kizuri ikijulikana kuwa kazi. Ukiipata, fanya kwa bidii, lakini usiache shamba la mama yako, wala usisahau jirani aliyewapa maji. Usipoipata, usiseme: «Maisha imeisha.» Wamama wa kambi walikwisha kukuonyesha njia.

Maana mashine siku moja itasimama tena. Mawe ya chini yana mwisho. Siku ile utahitaji mutu wa ngambo ya njia. Umujue toka leo.

Maulizo ya kuzungumza nyumbani

1. Mutaa wetu ulianza mwaka gani, na nani alikaa hapa wa kwanza? Ulizeni wazee wangali wazima.
2. Katika njia yetu, ni nani anayeishi peke yake? Nani alimutembelea mwezi huu?
3. Kama mushahara ungekatika kesho, jamaa yetu ingeshika nini?