Mgodi Ulifungwa, Bwawa Likabaki

Wenye mradi wakishaondoka, ndipo unapojua ulipangiwa nani. Pale Macalder, Nyatike, Kaunti ya Migori, walioondoka waliacha bwawa na marundo ya mabaki ya mawe yaliyosagwa.

Dhahabu ya Nyanza ilianza kusakwa kwa pupa miaka ya 1930. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Shirika la Maendeleo ya Makoloni la Uingereza, lililoundwa 1948, likatia fedha katika mgodi wa Macalder uliotoa shaba na dhahabu. Mitambo ilitaka umeme, na huko umeme haukuwepo. Basi miaka ya 1950 Mto Kuja ukazibwa penye maporomoko ya Gogo. Mgodi ulifungwa 1966. Kituo cha umeme cha Gogo hakikufungwa: leo kiko mikononi mwa KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, na uwezo wake ni megawati 2 tu. Kilichodumu ni kile kilichojengwa kuuhudumia mgodi. Siwapi waliopanga sifa kwa hilo, maana hawakuwa wakiwajengea Wanyatike.

Mwamba nao haukuisha dhahabu. Wachimbaji wadogo hushuka mashimoni kwa kamba, na juu wanawake hukaa wakiponda mawe kwa nyundo. Mawe husagwa kwa mashine hadi yawe unga, unga ukapitishwa na maji juu ya ubao wa mteremko uliotandikwa gunia. Kinachonasa hukusanywa kwenye karai, kikatiwa zebaki na kufikichwa kwa mikono mitupu. Bonge hukamuliwa kwa kitambaa, kisha huchomwa motoni mpaka zebaki ipae na dhahabu ibaki. Wa kwanza kuvuta mvuke ule wa sumu ni yule anayechoma, halafu waliomzunguka, watoto wakiwemo.

Makaratasi yanazungumza vizuri. Kenya ilitia saini Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2013, na Sheria ya Madini ya 2016 ikaweka kamati za wachimbaji wadogo katika kaunti na utaratibu wa vibali. Ila mnunuzi wa dhahabu haulizi kibali, na mama anayelipwa kwa debe la mawe hana siku ya kupoteza ofisini. Mpango usiomlipa kwa siku anayoacha nyundo atausikiliza kwa adabu, kisha arudi kuponda.

Swali la mradi umepangiwa nani liko pia huko chini, Mto Kuja unapokaribia Ziwa Victoria: kuna mradi wa umwagiliaji wa Lower Kuja, wa mpunga. Mto huohuo unaotegemewa kunywesha mashamba hufurika na kuhamisha watu. Mkulima wa huko anahitaji tuta imara kabla ya mfereji.

Turudi mgodini. Sheria ya Madini ya 2016 inamtaka mwenye leseni aweke dhamana ya kukarabati mazingira. Wawakilishi wa Migori, kabla hamjashangilia mwekezaji mwingine wa Macalder, ulizeni dhamana hiyo ni shilingi ngapi, na siku ya kufunga nani atayafukia mashimo.